Robert Maxwell: ilikuwaje mtu wa aina hii akapata ubunge, magazeti, na nusura apate Uhuru Park?

Jirani wa South B

Wakuu habari za jioni. Nauliza kuhusu huyu Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza aliyekutwa amekufa baharini 1991. Mimi wa kizazi cha juzi namjua tu kama babake Ghislaine, yule aliyefungwa miaka 20 Marekani kwa kumsaidia Epstein kudhulumu wasichana wadogo. Sasa juzi nasoma habari za Wangari Maathai, yule mama wa mazingira wa Kenya, na lile jengo alilopinga lisijengwe kwenye bustani ya Uhuru Park, Nairobi, nakuta jina la Maxwell limo, tena kama mbia wa KANU, chama tawala cha Kenya wakati ule, nikaanza kufukua. Kumbe jamaa alikua mbunge wa Labour kabisa, chama cha wafanyakazi, 1964 mpaka 1970, afu akaja kuchota pensheni za wafanyakazi haohao. Kilichoniacha hoi zaidi ni kwamba wakaguzi wa serikali walishaandika mwaka 1971 kuwa pamoja na akili na bidii zake zote huyu si mtu wa kutegemewa kusimamia kampuni iliyo kwenye soko la hisa. 1971! Na 1984 ananunua Daily Mirror kama vile hakuna kilichotokea.

Swali langu, hiyo miaka 20 watu walikua wanaangalia wapi? Au jina lake lilikua safi wakati ule na sisi ndo tunamhukumu kwa tuliyoyajua baadaye? Najua humu kuna wazee wa magazeti na watu wa hesabu, nieleweshwe.

Chui wa Makorora

Mwizi mwenye suti huwa haitwi mwizi mpaka afe. Swali limejibiwa, tulale.

Mhasibu Kariakoo

Chui acha uvivu, hii stori ni tamu kuliko hapo.

Ndugu yangu wa South B, jina lake halikua safi hata siku moja na hilo ndo la ajabu. Watu wa London walikua wanajua. Tatizo kulisema lilikua na bei kubwa na kunyamaza kulikua na faida.

Anza mwanzo. Huyu hakuzaliwa Maxwell wala hakuzaliwa Uingereza, alizaliwa 1923 kijiji cha Slatinské Doly, wakati ule Czechoslovakia, leo ni Ukraine, familia ya Kiyahudi maskini wa kutupwa, na wengi wa ndugu zake waliuawa na Wanazi. Yeye akatoroka, akaingia jeshi la Waingereza, akabadilisha majina mara kadhaa kama mtu anayejaribu mashati dukani, akapigana Ulaya na mwaka 1945 akapewa nishani ya Military Cross ya ushujaa. Hapo hapana utapeli, hiyo ni kweli tupu na tumpe haki yake. Kina Chui wanapomchora kama shetani wa kuzaliwa wanarahisisha mno.

Baada ya vita akaingia kwenye majarida ya sayansi, kampuni inaitwa Pergamon, 1951. Na hapa ndo uone akili ya biashara. Mwanasayansi anaandika makala halipwi au analipwa kiduchu, mwanasayansi mwenzie anaikagua kwa heshima tu, afu maktaba ya chuo kikuu inalipia mwaka mzima MAPEMA kabla hata toleo moja halijachapwa. Na maktaba haiwezi kuacha maana jarida la fani fulani ni lile lile moja, huwezi kwenda duka la pili. Yani unapewa bidhaa karibu bure na mteja anakulipa kabla hujampelekea mzigo. Hiyo ilikua mashine ya pesa, na alivyokuja kuiuza kwa Elsevier mwaka 1991, kwa sababu madeni yalishamfika shingoni, alipata pauni milioni 440.

Sasa 1969 Mmarekani mmoja, Saul Steinberg wa kampuni ya Leasco, akataka kuinunua Pergamon. Alipoangalia vitabu vya hesabu akakuta faida imevimbishwa kwa kuuziana mali kati ya Pergamon na vikampuni vya familia ya Maxwell mwenyewe, yani unatoa mfuko wa kulia unaweka wa kushoto unaandika "mauzo". Ndo ikaundwa hiyo timu ya wakaguzi na ikatoka hiyo ripoti ya 1971. Jamaa hakukaa kimya, akawapeleka wakaguzi mahakamani kwamba hawakumtendea haki, akashindwa rufaa 1974. Na mwaka uleule wa 1974 akairudisha Pergamon mkononi mwake! Nani wa kumzuia? Ripoti ilikua maoni. Haikua hukumu ya jinai wala marufuku ya kuendesha kampuni.

Jirani wa South B

Shukrani mkuu, hiyo ya maktaba kulipa mapema sikuwahi kuifikiria. Na kule bungeni je, alifanya chochote cha maana au alienda kupiga picha?

Bi Mwana Reading

Hapo nijibu mie, niko huku Uingereza miaka mingi na mume wangu ni mtu wa Oxford, kwao jina la Maxwell likitajwa mezani chakula kinapoa.

Bungeni alikua mbunge wa Buckingham, akashinda 1964 na 1966, akashindwa 1970. Alikua anasimama kuongea kila saa mpaka wenzie wakamchoka, mgeni hajavua viatu keshaanza kupanga viti. Wakampa kamati ya mambo ya chakula ya bunge, kantini ilikua inakula hasara, akapunguza matumizi kwa nguvu na akagusa mpaka stoo ya mvinyo wa waheshimiwa, hawakumsamehe hilo. Lakini kubwa, na wengi hawajui, ni kwamba Sheria ya Hewa Safi ya 1968 ilipelekwa bungeni na yeye kama mswada binafsi wa mbunge. Sheria ya kudhibiti moshi. Kwa hiyo usije ukasema hakuna alichofanya. Miaka 21 baadaye mtu huyohuyo anataka kumwaga zege kwenye bustani ya Nairobi.

Alikua akikaa Headington Hill Hall, jumba kubwa Oxford alilopanga kwa halmashauri ya mji, na mwenyewe alikua anajigamba kwamba ndiyo nyumba bora ya halmashauri nchi nzima. Msoshalisti wa kasri.

Sasa mpira. Oxford United ilikua inakufa kwa madeni, akaichukua 1982. Mwaka uliofuata akatangaza kwamba anaiunganisha na Reading iwe timu moja, jina ameshalipanga, Thames Valley Royals. Bila kumuuliza mtu! Mashabiki wakakaa chini uwanjani kugoma. Ikashindikana. Lakini hapo ndipo penye utata wa huyu mtu, maana Oxford hiyohiyo chini yake ilipanda mpaka daraja la kwanza 1985, na 1986 wakachukua Kombe la Ligi pale Wembley, tatu bila dhidi ya QPR. Mkwe wangu mpaka leo anamtukana na kumshukuru kwenye sentensi moja.

Na jingine linatuhusu sisi. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1986 Edinburgh, ile ambayo Kenya, Tanzania, Uganda na wengine, jumla nchi 32, tulisusia kwa sababu waziri mkuu wa Uingereza, Thatcher, alikua hataki kuibana Afrika Kusini ya makaburu. Waandaaji wakaishiwa pesa na Maxwell akajitokeza kama mkombozi, kila kamera yeye, kila jukwaa yeye, akaahidi kutafuta mamilioni. Mwisho wa siku pesa alizotoa mwenyewe zilikua ndogo sana kulinganisha na kelele, na kuna mzee wa Kijapani aliyetoa nyingi kumzidi. Wadai wakabaki wanadai. Huo ndo ulikua mtindo wake, anakuja na helikopta, anapigwa picha, bili inakuja baadaye kwa mwingine.

Mzee wa Mashine

Vijana salamu. Mimi nilikua chumba cha habari Nairobi miaka hiyo, gazeti sitalitaja, kwa hiyo hili la Kenya niacheni niliseme.

Kenya Times ilianza kama Nairobi Times ya Hilary Ng'weno mwaka 1977, KANU wakainunua 1983 wakaibadilisha jina. Ilikua gazeti la chama, na gazeti la chama mnajua lilivyo, rais kafungua choo cha shule ukurasa wa kwanza. Halikua linauza kama Nation au Standard. 1988 ndipo Maxwell akaingia ubia na KANU, ikaitwa Kenya Times Media Trust, na Philip Ochieng akawa mhariri mkuu. Hata KTN iliyoanza 1990 ina mizizi humohumo, msishangae, televisheni ya kwanza isiyo ya serikali Kenya ilizaliwa ndani ya nyumba ya chama tawala.

Tuliokua kwenye fani tulijiuliza, tajiri wa London anataka nini kwa gazeti la KANU ambalo halina faida? Jibu langu la wakati ule na la leo ni moja. Alipenda marais. Alikua anachapa vitabu vya kuwasifu viongozi wa Ulaya Mashariki, Ceaușescu akiwemo, na kila alipopiga picha na mkuu wa nchi picha ile ilifanya kazi London kwa mabenki yake. Rais Moi naye alipata mzungu wa kumwambia kuwa anajenga nchi. Walitosheana.

Mwaka 1989 ndo likaja jengo. Ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. KICC, lile jumba la mikutano, ni ghorofa 28 na ndilo lilikua refu kuliko yote mjini, kwa hiyo fikirieni kitu mara mbili yake na zaidi, kwenye nyasi ambazo watu wa Eastlands walikua wanakuja Jumapili na watoto maana hawakua na pengine. Humo ndani makao makuu ya KANU, ofisi za Kenya Times, maduka, kumbi, maegesho ya magari elfu mbili, na nje sanamu ya Moi. Gharama ilitajwa kama shilingi bilioni nne, sehemu kubwa mkopo wa nje ambao serikali ingeudhamini, yani wewe na mimi.

Wangari akaanza kuandika barua. Aliandika Kenya Times wenyewe, ofisi ya rais, mashirika ya Umoja wa Mataifa kama UNEP na UNESCO, na akamwandikia balozi wa Uingereza akimuuliza kama wao wangekubali jengo kama hilo katikati ya Hyde Park. Bungeni wakamshukia kama nyuki, wakaita Green Belt, shirika lake la kupanda miti, kikundi cha wanawake walioachika, Moi akasema mwanamke wa Kiafrika anatakiwa aheshimu wanaume na akae kimya. Ofisi akafukuzwa kwa notisi ya siku moja. Akaenda mahakama kuu kuomba zuio na Desemba 1989 akatupwa nje kwa hoja kwamba yeye binafsi hakuumizwa zaidi ya mtu mwingine yeyote, kwa hiyo hana haki ya kushtaki. Kesi inaitwa Wangari Maathai dhidi ya Kenya Times Media Trust, wanafunzi wa sheria bado wanaisoma. Katiba ya 2010 ndiyo iliyouzika msimamo ule, leo kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kutetea mazingira bila kuonyesha kuwa wewe umepata hasara.

Kilichoua mradi hakikua korti. Ni kelele, zilifika London na Washington, wafadhili wakaanza kuuliza nchi inayoomba msaada wa chakula inakopa pesa za ghorofa 60 za nini. Januari 1990 serikali ikasema jengo litapunguzwa, likazidi kupungua mpaka likaisha, na Februari 1992 mabati ya uzio yakang'olewa. Maxwell alikua ameshazikwa.

Jirani, umeuliza waandishi walikua wapi. Wengine tulikua tunaandika "mwekezaji mashuhuri kutoka Uingereza" na hiyo ripoti ya 1971 ilikua imechapishwa zamani, ingeweza kusomwa na yeyote aliyeitaka. Hakuna aliyeitaka.

Jirani wa South B

Mzee heshima yako. Hilo la "alipenda marais" limenifungua macho. Lakini waandishi wa London nao? Wale si hawaogopi mtu?

Mhasibu Kariakoo

Wanaogopa bili ya wakili kama sisi sote. Sheria za Uingereza za kuchafuliwa jina zilikua zinambeba mlalamikaji, wewe uliyeandika ndo unathibitisha, na Maxwell alikua anafungua kesi kama mtu anavyotuma meseji. Private Eye, jarida la dhihaka la London, walimwandika, akawashtaki 1986 akashinda, wakalipa. Tom Bower aliandika kitabu juu yake 1988, jamaa akatumia kila njia ya kisheria kukizuia kisiuzike, huku akiagiza kitabu chake mwenyewe cha sifa kiandikwe na Joe Haines, mtu wa Mirror aliyewahi kuwa msemaji wa Waziri Mkuu Wilson. Mhariri yeyote mwenye akili anapiga hesabu, stori moja dhidi ya miaka mitatu ya mahakama, anaandika ya mpira.

Na ukinunua Mirror kwa pauni milioni 113 hujanunua gazeti tu, umenunua gazeti kubwa pekee la kila siku linaloisaidia Labour. Viongozi wa Labour waliokua hawampendi walikua wanalihitaji. Wenye majina wakakubali kazi kwake, Peter Jay aliyewahi kuwa balozi Washington alikua mkuu wa ofisi yake. Kila jina la namna hiyo likiingia, mtu wa benki anasema kama fulani yupo basi mambo ni shwari.

Sasa pensheni. Mwaka 1988 alinunua kampuni mbili Marekani karibu kwa pamoja, Macmillan ya vitabu kwa dola bilioni 2.6 na ile ya ratiba za ndege kwa milioni 750, karibu zote mkopo. Riba ikapanda, uchumi ukalegea. Kampuni yake kuu, Maxwell Communication, ilikua sokoni, na hisa zake ndizo alizokua ameweka rehani benki. Ukielewa hapa umeelewa yote. Bei ya hisa ikishuka, benki inasema rehani haitoshi, ongeza. Kwa hiyo lazima bei isishuke. Kwa hiyo ananunua hisa zake mwenyewe kupitia vikampuni vya nje, vingine vimejificha nyuma ya taasisi iliyosajiliwa Liechtenstein, kanchi kadogo ka Ulaya. Anapata wapi pesa za kununulia? Anaenda kwenye mifuko ya pensheni ya wafanyakazi, ambayo inasimamiwa na kampuni inaitwa Bishopsgate Investment Management, na mwenyekiti wa Bishopsgate ni nani? Ni yeye. Mfuko "unakopesha" hisa zake nzuri kwa vikampuni vyake binafsi, vikampuni vinazipeleka benki kama rehani, pesa zinatoka. Ni kama kijumbe wa upatu anayemlipa wa leo kwa mchango wa kesho, tofauti yake huyu wanachama hawakujua hata kama wako kwenye upatu.

Wafanyakazi wa Mirror waliokua wanauliza uliza kuhusu mfuko wao walikuwepo. Walijibiwa kwa ukali. Ofisi za wakurugenzi wake wengine alizitegea vinasa sauti.

Chui wa Makorora

Haya nimerudi. Nani alimuua? Maana mimi najua ni Mossad, majasusi wa Israeli, amezikwa Mlima wa Mizeituni kule Yerusalemu na waziri mkuu wa Israeli yuko makaburini, mtu wa kawaida anazikwa hivyo?

Bi Mwana Reading

Chui baba, alianguka kwenye boti yake, Lady Ghislaine, karibu na visiwa vya Canary, usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1991. Madaktari wa Hispania walielekea kwenye moyo, mtaalamu aliyeletwa na kampuni za bima hakukubaliana nao, na mpaka leo hawajakubaliana. Hizo za Mossad ni za kijiweni. Mtu ana miaka 68, mzito kupindukia, benki zimeanza kuuza hisa alizoweka rehani, na wiki hiyohiyo anatakiwa kujibu mabenki. Wewe mwenyewe ungelala?

Mimi nakumbuka zaidi yale magazeti. Kesho yake Mirror ukurasa wa kwanza wanamlilia kama mtu aliyeliokoa gazeti lao. Waandishi wa siasa walikua wanagombana, Alastair Campbell, huyu aliyekuja kuwa mtu wa Tony Blair, alimpiga ngumi mwandishi wa Guardian kwa kumfanyia marehemu mzaha. Haikupita mwezi gazeti lilelile likatangaza kwamba mamilioni yao hayapo.

Jirani wa South B

Aisee. Na wale wastaafu walilipwa? Na nani alifungwa?

Mhasibu Kariakoo

Zilizopotea ni zaidi ya pauni milioni 400 na walioguswa ni watu kama elfu 32, wengine walishastaafu wana miaka 70 wanaambiwa hundi ya mwezi ujao hatujui. Wastaafu wakajipanga, wakawa wanaenda bungeni na barua na mabango, wazee watupu. Serikali ikatoa pesa za dharura, na 1995 ukafikiwa mwafaka wa pauni milioni 276, humo ndani wamechangia mabenki ya uwekezaji kama Goldman Sachs na Lehman na wakaguzi wa hesabu Coopers & Lybrand, kwa hiyo wengi walipata sehemu kubwa ya haki yao ila kwa miaka ya presha.

Kufungwa? Hakuna. Watoto wake wawili, Kevin na Ian, walishtakiwa na baraza la mahakama likawaachia Januari 1996. Kevin alikua ameshatangazwa muflisi 1992 kwa deni la zaidi ya pauni milioni 400, rekodi ya nchi kwa mtu binafsi. Wakaguzi wa serikali wakatoa ripoti nyingine 2001, safari hii ya jinsi Mirror ilivyouzwa kwenye soko la hisa mwaka 1991, wakamtaja marehemu kuwa ndiye wa kulaumiwa zaidi, na washauri wa London nao wakapata sehemu yao ya lawama.

Kilichobadilika kwenye sheria ni hiki. Kwa sheria ya pensheni ya 1995 angalau theluthi moja ya wadhamini wa mfuko lazima wapendekezwe na wanachama wenyewe, ikawekwa mamlaka ya kuwasimamia na mfuko wa fidia kama mwajiri ameiba. Kwa hiyo wewe uliyeajiriwa, humu humu Dar au Nairobi, kama kazini kwenu kuna mfuko wa ziada wa pensheni, kaulize majina ya wadhamini ni nani, nani aliwachagua, na hati za hisa zinatunzwa na nani. Wakikujibu kwa ukali njoo uandike hapa.

Chui wa Makorora

Mimi nina mfuko wa rambo tu, wadhamini ni mke wangu.